Nahesabu kalori kila siku, mbona mizani imeganda?

"Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani, nina miaka 38 na watoto watatu. Nyumbani tuko sita pamoja na mama mkwe. Urefu wangu ni sentimita 160, nilianza na kilo 88. Shoga yangu aliniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, ikaniambia nisizidi 1,200 kwa siku. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo tatu na nusu, nikafurahi sana. Sasa ni wiki ya sita na mizani imeganda pale pale, wakati naandika kila ninachokula. Ugali wa usiku nimeacha, asubuhi nakunywa maji ya moto na ndimu. Nimechoka, jioni kichwa kinaniuma, na mwezi huu hata siku zangu zimechelewa. Mama yangu ana sukari, ndiyo maana naogopa. Mume wangu ananiambia niache, watu watasema naumwa. Je, hizi kalori ni za kweli kwa sisi tunaokula wali wa nazi, au mwili wangu umegoma? Na nazi niiache?"

Waaleikum salaam dada yangu. Nitakujibu kuhusu kalori na nazi, lakini kuna sentensi umeipitisha haraka ambayo mimi naanza nayo: siku zako zimechelewa. Kabla hujapunguza hata kijiko kimoja zaidi, pima mimba. Kipimo cha mkojo kinapatikana duka la dawa, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukikuta ni mjamzito, acha kujipunguza kabisa na uanze kliniki ya wajawazito. Huo si wakati wa kutafuta kilo. Kama si mimba, bado nataka ulifuatilie. Kula kidogo mno kwa wiki nyingi huweza kuvuruga hedhi, na zipo sababu nyingine ambazo mtu wa kukupima ndiye atakayezitambua.

Sasa swali lako. Kalori ni za kweli, na mwili wako haujagoma. Nazi usiiache. Ninachoamini kimetokea, baada ya kusoma ulivyoeleza, ni kwamba unahesabu sahani na kuisahau sufuria. Programu inakuuliza umekula nini, nawe unajibu kwa uaminifu: wali, samaki, mchicha. Haikuulizi umemimina mafuta kiasi gani kutoka kwenye dumu, tui lilikuwa la nazi ngapi, na chai ya nyumbani kwenu inatiwa sukari kabla haijafika kikombeni. Na kwenye mapishi yetu ya pwani, humo ndimo kalori zinamokaa.

Kalori ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Msingi wa namba hizo uliwekwa na Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19 kwa kupima joto la vyakula vinapoungua, kisha kuondoa kile ambacho mwili haukifyonzi. Hazikutengenezwa kwa ajili ya watu wanaokula mkate na siagi peke yao. Mafuta ya alizeti, ya nazi na ya mawese yote yana 9 kwa gramu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni gramu 14 hivi, karibu kalori 120. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni kalori 16, na kile cha mlima, ambacho ndicho tunachochota wengi wetu, kinafika 25. Ukisoma pakiti dukani angalia pia kipimo: nyingine huandika kwa kilojuli (kJ), na namba hiyo ni zaidi ya mara nne ya kalori. Wateja wangu kadhaa wameogopa biskuti kwa sababu hiyo tu.

Mwili wako unahitaji ngapi? Kwa hesabu ambayo wataalamu wa lishe tunaitumia sana, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwanamke wa umri wako, urefu wako na kilo 85 hivi hutumia karibu kalori 1,500 kwa siku akiwa amelala tu, kwa kupumua, moyo kupiga na mwili kujijenga. Ongeza kushona, kupika, kwenda sokoni Mgandini na kurudi, utafika kati ya 1,800 na 2,100. Haya ni makadirio. Watu wawili wenye kilo sawa hutofautiana. Lakini unaona kwamba kama kweli ungekuwa unakula 1,200, kila siku ungepungukiwa kalori 600 au zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Katika wiki nne mizani isingeganda.

Tuanze na zile kilo tatu na nusu za mwanzo, maana ndizo zilizokupa matumaini na ndizo zinazokuvunja moyo sasa. Sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na wali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ni jambo la kawaida kwa kila anayeanza. Halafu maji hayo hayo huficha mafuta yanayopungua: siku za karibu na hedhi mwili hushika maji, na chakula chenye chumvi nyingi, kama papa mkavu, hufanya hivyo pia. Kwa hiyo mizani ya leo na kesho usiibishie. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kwenye mizani ile ile na nguo nyepesi, kisha linganisha mwezi na mwezi.

Kuhusu mwili kugoma. Ukila kidogo, mwili kweli hupunguza matumizi. Mwili mdogo unahitaji kidogo, nawe bila kujua unatembea kidogo na kukaa zaidi. Lakini kupunguza matumizi na kugoma ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys aliwaweka vijana 36 waliojitolea kwenye mlo wa takriban kalori 1,600 kwa miezi sita huku wakitembea sana. Miili yao ilipunguza kasi kwelikweli, na bado walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pia walikosa furaha, wakasikia baridi, wakaota chakula usiku na mchana. Hilo nalo ulizingatie, maana uchovu wako na maumivu ya kichwa si alama za mafanikio.

Utafiti wa pili naupenda zaidi kwa ajili ya swali lako. Mwaka 1992, watafiti wa New York waliwachukua watu wanene waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui, kama wewe. Walipima miili yao kwa vyombo. Matumizi yao ya nishati yalikuwa ya kawaida kabisa. Kilichotofautiana ni hesabu: walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika. Sisemi walikuwa waongo, wala sisemi wewe ni mwongo. Jicho la binadamu halina uwezo wa kukadiria chakula, hasa kilichochanganywa na mafuta. Wewe ni fundi: mteja akija hukadirii kiuno chake kwa macho ukaanza kukata kitambaa, unachukua futi ya kupimia. Jikoni umekuwa ukikata kwa macho.

Chukua wali. Programu hizi nyingi zinaposema wali kikombe kimoja, zinakusudia gramu 160 hivi za wali mweupe uliochemshwa kwa maji matupu, kalori 200 na kidogo. Sahani ya mchana ya nyumbani kwetu, ile iliyopakuliwa kwa upawa mara tatu, inafika gramu 350 au 400. Hiyo ni zaidi ya kalori 450 kabla hujaongeza tui wala mafuta ya kukaangia kitunguu. Ukiandika "wali, kikombe kimoja", tayari umepoteza zaidi ya nusu. Vitumbua, chapati na bajia ndiyo usiseme. Programu nyingi hazivijui, au zinachukua kimoja kidogo cha mtu mwingine asiyejua ukubwa wa kile cha jirani yako.

Kwa hiyo kwa wiki mbili nataka uache kuandika sahani. Pima jikoni. Familia inayokula sufuria moja haiwezi kuhesabu kijiko kwa kijiko, lakini inaweza kujua vitu vitatu: lita ya mafuta inakaa siku ngapi, kilo ya sukari inakaa siku ngapi, na nazi zinavunjwa ngapi kwa siku. Hukunieleza vyenu, basi nichukue mfano wa nyumba ya watu sita. Lita ya mafuta ina kalori zipatazo 8,000. Ikiisha siku tano, gawanya kwa tano, kisha kwa sita: kila mtu amekula kalori 270 za mafuta kwa siku. Kilo ya sukari ni karibu 4,000. Ikiisha siku nne, kila mtu 165 hivi. Nazi: nyama yake gramu 100 ina kalori kama 350, na nazi moja iliyokomaa inaweza kutoa gramu 300 au zaidi, yaani nzima inapita 1,000. Zote haziingii kwenye tui, machicha yanabaki na sehemu. Tuseme nusu tu imeingia, kalori 500. Nazi mbili kwa siku, moja ya wali na moja ya mchuzi, ni 1,000, kila mtu 165 tena.

Jumlisha: kalori 600 kwa kila kichwa, kila siku, ambazo hakuna aliyeziandika mahali. Na nimegawa sawasawa, wakati watoto wanakula kidogo kuliko watu wazima, na mpishi anaonja. Sasa weka hizo 600 juu ya 1,200 zako. Zinatoka 1,800, ndiyo kiasi kile kile mwili wako unachotumia. Mizani imeganda kwa sababu kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Namba za nyumbani kwako zitakuwa nyingine, lakini sitashangaa zikiwa karibu na hizi.

Baada ya hapo uamuzi ni mwepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu utakuwa unapunguza pale penye wingi. Usimimine mafuta kutoka kwenye dumu. Weka kijiko cha chakula kando ya jiko na upime. Mchuzi wa watu sita unapikika vizuri kwa vijiko viwili au vitatu. Samaki wa kukaanga ndani ya mafuta mengi ageuke kuwa wa kuchoma au wa kupaka mara nyingi zaidi. Sukari ya chai isitiwe kwenye birika. Kila mtu ajitilie kikombeni, na wewe ushuke kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, polepole, ulimi utazoea. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, zaidi ya vijiko vinane vya chai vilivyosawazishwa, na haishibishi chochote. Juisi ya miwa ni hivyo hivyo. Chungwa la Muheza likiliwa zima ni kalori 60 au 70 na lina nyuzinyuzi. Machungwa manne yaliyokamuliwa na kuongezwa sukari ni hadithi nyingine.

Nazi nimekwambia usiache. Tui lina kalori nyingi, na mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo si dawa kama wengine wanavyoitangaza. Lakini mtu akiambiwa asile tena kisamvu cha nazi wala samaki wa kupaka, atavumilia mwezi mmoja kisha atarudi kwa hasira. Ushauri wangu ni mmoja: nazi iingie kwenye sufuria moja kwa siku. Kama wali ni wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya na ndimu. Kama mchuzi ni wa nazi, wali uwe mkavu au iwe ugali. Tumia tui la pili kwa wingi na la kwanza kidogo mwishoni, kwa ladha na harufu. Familia haitalalamika, na nyote mtafaidika.

Kisha ongeza kinachoshibisha. Hapa ndipo wanaohesabu kalori pekee wanapokosea: 1,500 za chai na vitumbua na 1,500 za samaki, maharage na mboga ni sawa kwa hesabu, lakini njaa ya saa kumi jioni haiko sawa. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, na hulinda misuli isipungue pamoja na mafuta. Wewe uko Tanga. Kibua, changu na dagaa wako karibu. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja mchana, maharage au kunde au choroko jioni, yai au maziwa asubuhi. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, tembele, bamia, kabichi. Wali au ugali usizidi robo, ugali ukiwa wa dona ndiyo bora zaidi.

Lengo lako liwe kati ya 1,500 na 1,600, si 1,200. Kwa umbo lako hiyo 1,200 ni kali mno bila usimamizi wa mtu. Utapungua kama robo hadi nusu kilo kwa wiki mwanzoni, baadaye chini ya hapo, na wiki nyingine hutaona kitu. Kichwa cha jioni kinaweza kuwa cha njaa au maji machache, au macho kukodolea sindano kutwa nzima, lakini kinaweza pia kuwa presha. Usikisie, ipimwe.

Ndimu na maji ya moto hayayeyushi mafuta. Ukiyapenda kunywa, kunywa, yana kalori chache sana. Ila kama unayanywa badala ya kifungua kinywa, unajitengenezea njaa ya saa tano inayoishia kwenye bajia. Ugali wa usiku hauna dhambi kuliko wa mchana, kinachohesabika hasa ni jumla ya siku. Na zile chai za kukata tumbo zinazouzwa mitaani, nakuomba uziogope: nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji na madini, mafuta yanabaki.

Mazoezi yana thamani kubwa kwa moyo, sukari na misuli, ila usiyategemee kulipia chakula. Kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka kunakutumia kalori 150 hivi, soda moja inazirudisha zote. Mji wetu ni tambarare na wanawake wa Tanga wanaendesha baiskeli tangu zamani. Ukienda nayo kwenye kibanda chako cha kushonea na kurudi, umeshapata mazoezi bila kulipa mtu.

Mwambie mume wako kwamba namwelewa. Huku kwetu mtu akipungua, minong'ono huanza: anaumwa, au hatunzwi. Lakini yeye mwenyewe anamjua mama mkwe wake na anayaona maisha ya sindano na miguu kuuma. Mwaka 2002 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo sita. Huhitaji kuwa mwembamba. Kilo sita zinazobaki zimetoka zinatosha kubadilisha mengi, na bado utavaa gauni lako likakaa. Mkaribishe kwenye hesabu ya mafuta na sukari, maana dumu mnanunua pamoja.

Ungali unatakiwa kuonwa ana kwa ana, na si kwa hedhi peke yake. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, useme, kwa sababu baadhi ya wanawake huongezeka uzito nayo na pia hubadilisha hedhi. Usiikatize kabla hujapewa njia nyingine. Useme pia kama unatumia dawa yoyote ya kila siku. Mtu mwenye kisukari anayemeza dawa ya glibenklamidi au kuchoma insulini akipunguza chakula bila kurekebisha dozi, sukari yake inaweza kushuka mno akaanguka, kwa hiyo usimgawie mama yako mpango huu bila daktari wake. Kusikia baridi kuliko wenzako, choo kigumu, sauti kukwaruza na uchovu usioisha vinaweza kutokana na tezi ya shingo. Ndevu kidevuni pamoja na hedhi ya kurukaruka vina kipimo chake pia. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula, wahi hospitali, kwani kupungua haraka huweza kuleta vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Na siku ukianza kupungua bila kujitahidi, ukiwa na kikohozi, jasho la usiku, au kiu na mkojo mwingi, usishangilie. Kapime kifua kikuu na sukari siku hiyo hiyo.

Kwa sasa, kama kipimo cha mimba hakionyeshi kitu, nenda Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu ndani ya wiki hizi mbili. Waombe wakupime presha na sukari, na ueleze habari ya hedhi. Beba karatasi yako ya mafuta, sukari na nazi, na uandike nyuma yake dawa zote unazotumia. Fika asubuhi bila kula kwa saa nane, maji tu, ili sukari ya kufunga ipimwe humo humo, na uweke kifungua kinywa chako kwenye mkoba, ukile mara baada ya kutolewa damu.